Neno la Tatu

Saa tano usiku nilikabidhiwa faili lake.
Juu ya jalada mtu kaandika: kichaa, achomwe sindano alale.
Sindano niliiweka kando. Nikavuta kiti.

Bi. Amria Shebwana, wa Guraya, miaka sitini na tisa.
Buibui kalivaa ndani nje, viganja vyanukia iliki.
Mwanawe Twahiri kasimama mlangoni, anazungusha simu:
"Tangu Ijumaa anaongea na ukuta, nesi.
Ukuta anauita mume."

Fomu yangu huanza na swali jepesi.
Hapa ni wapi, mama?
"Mvita."
Fomu inataka Mombasa, inataka jina la hospitali na ghorofa.
Kalamu ikasita. Nikatia alama ya ndiyo.
Leo siku gani?
"Wewe huyui? Na hiyo saa wavalia nini?"

Nikampa maneno matatu ayashike:
chungwa, kiti, ufunguo.
Akayarudia polepole kama anayeonja chumvi.
Nitakuuliza tena baadaye.
"Uliza."

Mia, toa saba.
"Saba siuzi. Mahamri nauza dirishani, kumi kumi.
Ukiya na saba, rudi kwenu ukaongeze."
Nikacheka. Naye akacheka, kisha kicheko chake
kikaenda peke yake, kikanipita,
akauambia ukuta unyamaze, watu wamelala.
Hapo nikaandika: umakini unakatika.
Na chini yake, kwa herufi ndogo: bei anaijua.

Zipo methali za kupimia akili.
Nikamsomea iliyo kwenye karatasi:
Mficha maradhi?
"Kifo humuumbua," akamaliza, akainamisha mato.
Maana yake?
Feni ilizunguka, ikalia, ikazunguka.
Vidole vyake vikaivuta leso,
vikaufunika mguu wa kushoto
ambao ulikuwa umeshafunikwa.

Chuoni tulifundishwa akili ukurasa huu,
mwili ukurasa ule,
katikati pini ya chuma.
Nikageuza.

Joto thelathini na tisa. Mapigo mia na kumi na nane.
Ulimi mkavu kama kifuu.
Ngozi ya mkono nikaifinya, ikabaki imesimama.
Tone la damu kwenye mashine: sukari ishirini na saba.
Nikapiga magoti.
"Niatia guu langu," akasema, wala si kwa ukali.
Leso. Soksi. Kitambaa, na kitambaa kingine,
unga wa manjano ulioganda,
halafu harufu, na hapo sote tukaishiwa na maneno.
Kidole cha pili kilikuwa cheusi, kimelowa.

Twahiri akatazama sakafu. "Hakutuambia."
"Mungenikata," akasema mamake.

Nikamwita daktari, akaja na usingizi usoni, ukamtoka.
Maji yakaanza kushuka mshipani, insulini ikafuata.
Kwenye faili hatufuti kitu:
nikapiga mstari mmoja juu ya neno kichaa,
nikatia sahihi, nikaandika saa.
Neno bado lasomeka. Ndivyo sheria itakavyo.

Saa kumi alfajiri nilikuwa nasafisha kidonda mara ya pili.
Gari la takataka lilinguruma huko nje, Makadara.
Ukuta ulikuwa umerudi kuwa ukuta.
Sikumuuliza. Mwenyewe akakunja vidole:
"Chungwa. Kiti."
Akafumba mato, nikadhani kalala.
"La tatu n'ufunguo.
Twahiri hutoka nao asubuhi, hunifungia kwa nde,
hurudi magharibi. Asema nitapotea."
Akayafumbua, yakanitulia usoni.
"Na hilo nalo laandikwa?"

Nikaipekua fomu mbele na nyuma.
Kumbukumbu: tatu kwa tatu.
Hapakuwa na mstari mwingine.
Nikaandika pembezoni, wima, kwa wino wa bluu,
mpaka karatasi ikaniishia.