Visima Tisini na Sita

Nimezaliwa kijiji kisicho na uchochoro wa bure:
nyumba zimegandana ukuta kwa ukuta,
mapaa yameshikana, ili maharamia wakija
watu wakimbie juu kwa juu hadi mnarani.
Mesta, kusini mwa kisiwa cha Hios.
Ndiyo maana nilipochungulia hadubini
mara ya kwanza, maabara ya Patra,
nilicheka peke yangu.
Bakteria wa ukoga nao wamejenga Mesta.

Huja mmoja mmoja, kama wageni wapole,
wakalishika jino. Wakipata sukari
hutoa gundi, gundi ikawa dari,
chini ya dari wakazaana, wakagawana chakula,
na dawa ikipita ni mvua juu ya bati:
kelele nyingi, ndani hakulowi.

Sasa haramia ni mimi.

Nina sahani ya plastiki, visima tisini na sita,
hakuna kinachotosha kuoga shomoro.
Nimetia mate ya Fotis, mwenzangu,
aliyenyimwa kahawa tangu alfajiri
na bado ameninunia.
Nimetia sukari. Nimengoja siku mbili.
Kisha machozi ya mti wa mastiki,
yaliyoyeyushwa katika spiriti,
tone kwa tone, kutoka makali hadi hafifu,
na safu ya mwisho spiriti tupu,
maana mwongo wa kwanza katika kazi hii
ni tumaini.

Ulimbo! Kitu cha kunasia ndege
ndicho nakituma kikabandue kinachonata.
Dawa ya moto ni moto, sawa;
aliyesema hakutaja kipimo.

Mti wenyewe bibi yangu Marouko anaujua kwa magoti.
Julai hufagia chini yake,
hutandaza udongo mweupe kama shuka la mgonjwa,
huuchanja gome chale fupifupi
na kuuacha ulie.
Baridi ikiingia hukaa dirishani na kisu kidogo,
akikwangua mchanga, chozi baada ya chozi,
mpaka kidole gumba kikapata umbo la kisu.

Nilimpigia simu rangi ikiwa inakauka.
Nikamweleza: zambarau ndiyo ukoga uliobaki;
kisima kikiwa cheupe, tumeshinda.
"Na vyeupe vingapi?"
Safu mbili, nikasema. Ya tatu, nusunusu.
Na ile spiriti tupu
imejitahidi kuliko nilivyopenda.
Akaguna.

Nikamtania, utani wa kijinga:
Bibi, miaka sitini mikono yako iko ndani ya dawa,
mbona umebakiwa na meno manne?

Kimya.
Nikasikia kisu kikiwekwa mezani.

"Kwani ulidhani nilikuwa naitafuna?
Ile ilikuwa ya mzani, Argiro.
Ndiyo iliyokulipia ada."

Fotis ameshaandika namba, amekunywa kahawa yake,
ameniuliza kama macho yananiwasha ile spiriti.
Nikasema ndiyo, ni spiriti.
Safu ya tatu tutairudia kesho.

Mfukoni nina punje moja isiyopimwa,
aliyoifunga kwenye karatasi ya duka
nilipoondoka baada ya Pasaka.
Naitia kinywani.
Mwanzo inavunjika kama chokaa,
chungu, chungu kweli,
halafu inalegea, inajikusanya,
inageuka nyeupe.

Natafuna polepole, upande huu na huu,
kwa meno yangu yote thelathini na moja.