Risiti ya Shilingi Mbili

Mnyororo uliletwa Jumanne, jua la utosi,
na vijana wawili na mkokoteni wa saruji.
Kufika alasiri nguzo zimesimama,
na kibao cha rangi ya samli kimetundikwa:
MAEGESHO YA WATEJA TU.
Wateja wa nini, hakikusema.

Mimi si mtu wa maandamano.
Mimi fundi saa, Bondeni,
kazi yangu ni vitu vidogo na kunyamaza.
Lakini nina Shumi, miaka tisa,
na kiti chake cha magurudumu,
na kutoka tulipokuwa tukiegesha
hadi kivuli cha mkungu wa Bustani ya Mkunguni
zilikuwa hatua kumi na tisa.
Sasa gari naliacha kwa muuza rangi, ng'ambo ya barabara:
hatua mia tatu na kumi na nne,
mtaro mmoja, ukingo mmoja,
na boda zisizojua breki.
Shumi ndiye aliyehesabu.
"Hatua zako, Baba," akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa."

Basi Jumamosi nikafunga duka.
Nikamkuta Nyevu, nesi, ametoka zamu ya usiku,
na Bwana Hasmukh, ambaye mkewe magoti yamemgomea,
na Gunga wa tuktuk, aliyekuja kwa hasira tu.
Tulikuwa na daftari la kurasa tisini na sita.
Watu wakatia sahihi, wengine dole gumba;
mmoja aliandika "Mimi" akaenda zake.
Mwanaharusi wa viazi karai, ambaye tangu mnyororo
sufuria yake hurudi nyumbani nzito,
aliomba boksi la sabuni akalipasua,
akahesabu mizani kwa vidole vyenye bizari:

*Lango tufungulieni, nasi tupungwe na pepo,*
*Hatukuja ugenini, tumezawa papo hapo,*
*Bustani si ya fulani, ni ya kila aliyepo,*
*Mnyororo utoeni, gari zisimame papo.*

Tukalibeba boksi hadi ofisini.
Njooni Jumatatu.
Jumatatu, faili limekwenda kutiwa muhuri.
Jumatatu ya pili, bwana mmoja wa miwani,
mpole, hata chai alitupa, akauliza:
"Na nani asema paliwahi kuwa pa umma?
Mna karatasi?"
Tulikuwa na sahihi mia sita na tatu.
Karatasi hatukuwa nayo.

Usiku ule nilitafuta skrubu ya saa ya mtu
kwenye droo za marehemu baba.
Ndani ya bahasha ya kioo cha saa, kikaratasi cha waridi:
Baraza la Manispaa. Mkunguni. Maegesho. Shilingi 2.
Tarehe kumi na moja Agosti, themanini na nne.
Baba, aliyetupa hata barua za benki,
kwa nini aliweka hii?
Nikaigeuza.
Kwa penseli, mwandiko wa haraka:
*Leo kasema ndiyo.*

Mama yupo hai. Nilimwonyesha.
Akasema gari lilikuwa la kuazima,
akaomba nimzimie taa.

Yule bwana wa miwani aliisoma mbele,
akaisoma nyuma, akarudi mbele.
Akavua miwani.
Akaita wenzake wa chumba cha pili,
wakaipokezana kama mtoto mchanga.
Kisha akaipiga nakala, pande zote mbili,
ingawa sheria, nadhani, ilihitaji mmoja tu.

Sitadanganya kwamba tulishinda.
Nafasi zilikuwa thelathini, tumerudishiwa kumi na mbili,
na kibao kingalipo, ila mtu amekwangua neno WATEJA
na Gunga aapa si yeye.
Risiti yenyewe wameibakisha faili;
mimi nina nakala, ya kijivu, isiyo na waridi.

Jana nimeegesha, nimekiteremsha kiti,
nimemsukuma Shumi hadi mkunguni,
makungu mawili mekundu yakiwa chini yanamngoja.
Alikuwa akihesabu kwa sauti.
"Ishirini na moja," akasema.
Nikamwambia, zamani zilikuwa kumi na tisa.
Akanitazama miguuni kwa muda.
"Mti haukusogea, Baba."