Ajenda Namba Tatu

Baraza lilikaa Jumanne kuzungumzia baraza.
Ajenda namba tatu: wanaolala nje.
Chai ikaja, na mahamri ya kuhesabu.
Mjumbe wa Shela akasema wageni wanalalamika.
Mjumbe wa Maweni akasema, kwani sisi hatulalamiki?
Shangazi yake kapokonywa mkoba mchana kweupe
nje ya duka la dawa.
Likapita: taa kumi na mbili, askari sita,
misumari kwenye baraza za mawe za mtaa wa soko,
na karani mmoja, apite usiku, aandike majina.

Karani ni mimi.

Usiku wa kwanza niliogopa mbwa kuliko watu.
Fomu yangu ina vyumba vinne
(ndivyo tuviitavyo ofisini, vyumba):
jina, umri, utokako, makao ya kudumu.
Ninaowauliza hawana hata kimoja.

Nyevu alikuwa na shamba ng'ambo ya Sabaki.
Shamba likapata hati,
hati ikapata mwenyewe,
mwenyewe hakuwa yeye.
Nilipomuuliza makao ya kudumu
aliitazama misumari, akakunja leso yake mara mbili.
"Andika: hapa, kabla ya misumari."
Jibu hilo halikuwa na chumba.
Nililiandika pembeni, kwa herufi za kujibana.

Famau alipika hoteli miaka kumi na tisa,
hoteli ikafungwa na mshahara wa miezi mitano ndani yake.
Kitaliano chake ni cha jikoni:
chumvi, mafuta, moto mdogo.
"Basta," akaniambia, akajifunika uso.

Na zile taa? Zimewaka, alhamdulillahi.
Wezi nao wameshukuru:
sasa wanaiona simu ni ya aina gani
kabla ya kuichukua.
Askari Thoya huwapakia watoto kwenye lori,
akawashusha daraja likiisha.
Lori halijaoshwa, wao wamekwisha rudi,
miguu myekundu kwa vumbi,
wanamsalimu kwa jina.

Usiku wa tisa, kwenye kona ya kinyozi,
mkoba uliniondoka begani kama unaoijua njia.
Simu. Funguo. Shilingi mia tatu na hamsini.
Na daftari: majina sitini na moja.

Ofisini sikuulizwa kama nimeumia.
Niliulizwa kama kuna nakala.
"Haidhuru," mkurugenzi akasema, "kadiria.
Weka hamsini. Hamsini inakaa vizuri kwenye bajeti."

Asubuhi ya tatu nililikuta mlangoni,
limefungwa kwa karatasi ya mfuko wa simenti,
jalada lina doa la mafuta ya viazi karai.
Simu haikurudi, wala sikuitarajia.
Kurasa zote zilikuwamo.
Jina la ubini la Famau, nililolikosea,
limesahihishwa kwa penseli.
Maneno ya Nyevu ya pembeni
yamepigiwa mstari.
Na chini kabisa, namba sitini na mbili,
herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la nne:

KITSAO.
Umri: 14, ikafutwa, 13.
Utokako: hakujaza.
Makao ya kudumu: BADO.

Nimelisoma neno hilo kuliko barua zote nilizowahi kuandikiwa.
Bado, kama anayeulizwa iwapo amekula.
Bado, kama ugali ungali motoni
na mtu yuko jikoni anaukoroga.

Polisi wanasubiri taarifa yangu ya wizi.
Sijaenda.

Jumanne baraza likakaa tena.
Mwenyekiti akauliza: hamsini, au sitini na moja?
Nikasema sitini na mbili.
"Huyo wa mwisho ulimpata wapi?"
Yeye ndiye aliyenipata, nikasema,
lakini kwa sauti ndogo, na feni ilikuwa inalia,
na mjumbe wa Maweni alikuwa anaomba sukari,
na ajenda namba nne ilikuwa takataka.