Kalori Kumi

Saa tisa za usiku, Saskatoon.
Nje kipimo kimeshuka thelathini na moja chini ya sifuri
nami nawapanga madereva wa magari ya kukwangua theluji:
Lyle yuko darajani, Emmett upande wa hospitali.
Maikrowevu inanguruma dakika nne na nusu.

Juu ya boksi pana picha: kuku anang'aa,
brokoli kana kwamba imechumwa sasa hivi.
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza,
na hiki kimetembea mikoa mitatu
ndani ya lori la baridi, kuja kunilaghai.
Nafungua. Kuku ni vipande saba, nimevihesabu.
Brokoli imelia maji yake yote.
Pembeni pameungua, katikati bado barafu,
kama ndoa ya dada yangu.

Lakini nisiseme uongo.
Tangu Oktoba nimepungua kilo nne na robo.
Boksi huniambia ukweli wake kwa tarakimu nyeusi:
kalori mia mbili themanini, chumvi kiasi hiki, sukari kiasi kile.
Daktari Pruitt alisoma, akatabasamu.
Mama hajawahi kuniambia ukweli wa namna hiyo.
"Siagi kidogo tu," husema,
na kijiko kimesimama wima bila kushikwa.

Jumapili nilikwenda kwake na daftari.
"Unga gramu ngapi?"
"Mpaka utoshe."
"Nitajuaje umetosha?"
"Utaacha kukung'ang'ania, Darusia, kama mgeni aliyeshiba."
Nikaandika: unga, mpaka uache kung'ang'ania.
Viazi: vilivyopo.
Jibini: usiulize bei.
Saa mbili na nusu tulisimama,
mgongo wangu ukinung'unika, kucha zimejaa donge,
yeye akifinya kingo za varenyki kwa kidole gumba
na kumsengenya padri mpya, hatua kwa hatua,
tangu viatu hadi mahubiri.
Hayo nayo yangeandikwa wapi kwenye lebo?

Kisha akafanya jambo ambalo
nimeliona maisha yangu yote bila kulitazama:
alizipanga kwenye sinia, akateremka nazo chini ya nyumba,
akazitia kwenye friza.

Friza pana kama jeneza la mtu mwenye cheo.
Mifuko juu ya mifuko, tarehe kwa wino wa buluu,
jina langu kwenye mingi,
la baba kwenye mmoja, wa mwaka ule,
ambao hatuthubutu kuufungua wala kuutupa.
Nilisimama pale na soksi zangu, nikacheka peke yangu.
Miezi mitatu naisema barafu vibaya
kumbe barafu haina kosa.
Inalinda tu ulichoipa.

Saa kumi na robo njaa imerudi,
haikuwa hata imevua koti.
Nachemsha maji kwenye jiko dogo la ofisi.
Varenyki sita, mizani ya kupimia barua,
hesabu nyuma ya karatasi ya zamu.
Mia mbili tisini.

Narudia hesabu. Mia mbili tisini.
Ugomvi wote ule, mimi na Mama na daktari,
vita vya Krismasi, machozi ya Pasaka,
kalori kumi.

Sisemi nitayatupa maboksi. Yamebaki manne, nimeyalipia,
na Jumatano sina saa mbili na nusu,
sina hata mgongo.
Nitayala kama mtu anavyopanda basi: ili nifike.

Redio inakwaruza. Ni Lyle.
"Darka, unakula nini? Nasikia kitu kinakaangika."
Vitunguu, namwambia.
Vitunguu na siagi.
Hivyo sijavipima.
Endelea na njia yako, Lyle, theluji inakuja.