Ngoma ya Kushoto

Gurudumu la nyuma, la kushoto, lilianza kulia
tukiteremka Bugando na matofali mia tatu mgongoni.
Haukuwa mlio wa chuma kwa chuma;
ulikuwa wa mtu anayedaiwa mbele ya wageni.
Nikashusha gia, nikavuta hendibreki,
nikasali kwa sauti, na utingo akaitikia.

Pijo ya baba, mia nne na nne,
bodi lake bado linanuka furu ukilimwagia maji,
ingawa furu wenyewe ziwa limewasahau.

Duka la kwanza wakaniwekea brekishuu za Hailaksi.
"Zinaingia hizi, dada. Unapiga msasa kidogo tu."
Kidogo tu!
Neno hilo lina kitanda chake wodi ya mifupa.
Duka la pili hawakujua Pijo ni gari au ni dawa.
La tatu wakanipa soda, wakanipa kiti,
wakanipa namba ya mtu wa Shinyanga
ambaye, nilipompigia, alikuwa ananitafuta mimi:
naye ana mia nne na nne, naye hana breki.

Taherali, Mtaa wa Rufiji, alivaa miwani juu ya miwani,
akapuliza vumbi la kitabu chenye michoro.
"Gari lina ukweli wake," akasema, "usibahatishe."
Akaagiza Nairobi. Siku kumi na moja.
Boksi likashuka kwenye basi limefungwa kamba ya katani,
ndani, karatasi ya nta, na brekishuu nne
safi kama meno ya mtoto.

Mabatini, kwa Kabula, fundi mwenye kucha fupi
na redio isiyozimwa,
kulia kukaingia mara moja. Tak.
Kushoto kukakataa.
Akageuza, akapaka grisi, akatukana kwa Kisukuma,
kisha akanyamaza, akachukua kalipa.
"Dada Minza, hii ngoma ni inchi tisa.
Hii si Pijo. Hii ni Moris."

Akafuta kutu kwa petroli.
Kwenye bamba, kwa patasi, mkono ninaoujua:
N.M. 4/83.

Themanini na tatu.
Mwaka wa sabuni kwa kibali na sukari kwa foleni,
mwaka ambao baba alitusimulia hadi anazikwa
jinsi alivyovuka hadi Kisumu
akarudi na spea halisi, za kiwandani, kwenye gunia la mtama.
Tulimpigia makofi kila Krismasi.
Kumbe alikwenda Igombe tu,
akaling'oa guu la Moris iliyokufa nyuma ya ghala la pamba,
akalishona kwenye Pijo,
na raba ya kiatu akaipigilia kwa riveti za shaba
za mafundi mitumbwi.
Miaka yote ile ya samaki, ya ada zetu,
ya mama kukimbizwa Sumve usiku akiwa na uchungu wa Shija,
tulisimama kwa uongo huo, na tulisimama.

Sikucheka. Kabula alicheka,
akageuza uso alipouona wangu.

Basi tukashuka Mwaloni, mimi na yeye,
tukanunua shaba ile ile kwa mzee mmoja mbishi
aliyetaka kujua mtumbwi wetu una futi ngapi.
Nikamwambia kumi na nne.
Kabula akakata laining mpya, akatoboa, akagonga,
mapigo madogo, hadi kiatu cha zamani
kikapata nyayo.

Jioni nilipanda Bugando bila mzigo, nikageuza, nikashuka.
Gari linavuta kushoto, kidogo tu.
(Nimelisema mwenyewe, nisamehewe.)
Mkono wangu umekwisha jifunza kuegemea kulia.

Na chini ya siti, ndani ya karatasi ya nta,
brekishuu mbili za Nairobi zimelala:
namba sahihi, kipimo sahihi,
hazina gari.