Mshono wa Ndani

Pijo ya Bwana Taherali, ya sitini na nane,
imefika Bondeni ikisukumwa na vijana watatu.
Reksini ya viti imelegea kama shavu lisilo meno,
gundi imeliwa na joto, utepe waning'inia,
na akikaa tu, springi inamuuma paja.

"Nani alikushonea?"
"Sikumbuki jina. Alikuwa fundi hodari."

Nachukua wembe, nafumua uzi mmoja mmoja.
Linatoka vumbi, yanatoka makumbi yaliyosagika,
senti kumi yenye kutu ya kijani,
kokwa ya tende.

Kisha chini ya utepe, pale jicho halifiki,
mshono umekwenda upogo,
mara umeruka, mara umerudi,
fundo juu ya fundo kama upele.
Nikaguna: mjinga gani huyu?

Nikakigeuza kitambaa kwenye mwanga wa mlango.
Uzi wa samawati.

Siku ile mweusi ulikuwa umetuishia.
Nina miaka kumi na mitatu, kidole kinavuja damu.
Fundi Shekue akaitazama kazi yangu, kimya,
akavuta utepe, akaifunika,
akagongomea misumari.
Nilidhani hakuona.

"Vipi," Taherali anachungulia, "aliharibu?"
"Hapana. Alikuwa hodari, kama ulivyosema."

Nimetia sponji mpya, nimepaka gundi,
nimevuta reksini hadi vidole vikafa ganzi.
Shubiri moja ya samawati sikuifumua.
Nimeifunika tena.

Viti sasa vimekaza kama ngoma.
Injini kutowaka, hiyo si kazi yangu.