Leo Tunaanguka

Nilikuwa nguzo ya kushoto ya mnara,
magoti mchangani, viganja mchangani.
Mgongoni mwangu Nshoma, juu ya Nshoma Wande,
na juu ya sote kumi, wewe, Limi,
kilo thelathini na nne
na kamba ya kiatu ambayo haikukaa imefungwa hata siku moja.

Mwaka wa kwanza, uwanjani Tabora mjini,
siafu alinipanda kifundo cha mkono.
Mmoja tu. Ngoma ilikuwa imefika mdundo wa saba.
Moyo ukasema, vumilia.
Kiwiko kikasema, mimi simo.
Hatukuanguka kama mti.
Tulimwagika, maharage ya gunia lililochanika.
Watu wakacheka.
Wasichana wa Nzega, wenye soksi nyeupe zinazofanana,
hawakucheka, na hilo ndilo lililouma.

Tukarudi Urambo juu ya lori la tumbaku.
Hakuna aliyeuliza ulikuwa mkono wa nani.
Nilitafuna kipande kimoja cha mchembe
hadi tukapita Usoke, na bado hakijalainika.

Jumatatu Mwalimu Shigela akatandika magunia ya pumba za mpunga.
Tukavua viatu, tukajua tunapanda.
"Leo hatupandi," akasema. "Leo tunaanguka."

Wiki tatu.
Kwa bega, kwa paja, kidevu kifuani.
Mikono isitangulie; mikono ina kiherehere, ndiyo maana huvunjika.
Wapita njia walishuka kwenye baiskeli:
shule gani hii, ada tunalipa, watoto wanafundishwa kuanguka?
Mama, akichambua majani kwa madaraja,
alisema bila kuinua macho, "Jani bichi halina bei,"
kisha akanituma maji.

Mwaka wa pili tukaanguka tena.
Safari hii ni wewe. Ulipunga mkono
kabla kisigino hakijapata bega.
Lakini pumba zilikuwa zimetuingia mwilini:
tulitua kama paka, mmoja mmoja,
na kabla sijawaza lolote
nilijikuta nimeshapiga magoti,
goti la Nshoma liko mgongoni.
Ngoma imenyamaza. Filimbi inalia, muda umekwisha.
Tukapanda.
Tukasimama bila mdundo,
pumzi kumi tu, na jua la saa nane.

Majaji wakatukata alama kwa kuzidisha muda.
Wa mwisho, mara ya pili.

Mwaka wa tatu? Wa pili, nyuma ya Nzega na soksi zao.
Kikombe cha bati. Nasikia kipo ofisini bado, wanawekea chaki.

Jana usiku nimekupigia, baada ya miaka kumi na moja,
watoto wamelala, vocha inakaribia kuisha,
nikakwambia upesi upesi, kama mtu anayelipa deni:
Limi, mwaka ule wa siafu,
ulikuwa mkono wangu.

Ukakaa kimya. Nikasikia sufuria ikifunikwa huko kwako.
"Nilijua," ukasema. "Aliye juu huona kila kitu.
Nilikiona kiwiko kabla wewe hujakisikia."
Nikauliza, mbona hukusema?

"Wewe nawe," ukacheka.
"Miaka miwili iliyofuata,
nilikuwa napandia upande wa nani?"